Je, wajua kwa nini anayepakiwa nyuma ya pikipiki huchoka kabla ya dereva?

Mara ya kwanza nilipompeleka mama yangu mdogo Likasi, tulikuwa tunakwenda kwenye kilio. Kutoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, ni kilomita 120 hivi, lami karibu safari nzima, na nilikuwa nimeazima pikipiki ya 125, yaani injini ya sentimita za ujazo 125, ambayo bado ilinukia upya. Mimi nilifika mzima. Yeye aliposhuka alinishika bega, akabaki amesimama palepale, kikwembe kimejaa vumbi hadi magotini. "Ngoya kwanza, mwanangu," aliniambia. "Magulu siyasikii tena."

Njia ilikuwa moja, kiti kimoja, saa zilezile. Kwa nini yeye aumie hivyo na mimi nisiumie? Niliwauliza mafundi, nikapima, nikapanda nyuma mwenyewe huku rafiki akiendesha. Jibu liko zaidi mahali anapokalia kuliko katika umri wake.

Chukua ngazi ndefu, muibebe watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma akiinua ncha yake sentimita 10, katikati ya ngazi itapanda sentimita 5 tu, lakini ncha yake imepanda zote 10. Pikipiki ni ngazi hiyo, na magurudumu ndio wabebaji. Dereva huketi karibu na katikati, kwa hiyo kila tuta au shimo humfikia limepunguzwa karibu nusu. Abiria huketi karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma. Springi zikishachukua sehemu yao, kinachobaki cha pigo la gurudumu hilo kinampata yeye karibu chote.

Isitoshe, dereva analiona shimo. Kabla gurudumu halijaingia, mikono yake imeshakaza na miguu imeshamwinua kidogo kutoka kwenye kiti. Abiria anaona mgongo wa dereva tu. Pigo linamkuta amelegea, na uti wa mgongo unalipokea bila kujiandaa. Ndiyo maana nimejizoesha kumwambia ninayempakia, "Mama, shimo," kabla sijafika. Ni neno moja, lakini linampa nafasi ya kukaza miguu.

Na miguu ndiyo ninayotaka kuizungumzia zaidi, kwa sababu wengi tunaponunua pikipiki tunaangalia kiti na kusahau mahali pa kukanyagia. Mguu ni springi ya mwili. Goti likikunjika kiasi, mtu anaweza kujiinua kidogo pigo linapokuja. Kikanyagio kikiwa juu mno, karibu na kiti, goti linakunjwa sana, paja linanyanyuka kutoka kwenye kiti, na uzito wote unabaki juu ya mifupa miwili ya makalio. Baada ya nusu saa damu inapita kwa shida, na ganzi inaanza. Hiyo ndiyo ganzi aliyoshuka nayo mama mdogo.

Kuna jambo lingine ambalo sikulijua mpaka fundi mmoja alipochuchumaa na kunionyesha. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za mtindo wa zamani, vikanyagio vya abiria vimefungwa kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ule unaopanda na kushuka pamoja nalo. Maana yake ni kwamba springi zinakilinda kiti lakini haziilindi miguu. Kila kokoto inayogongwa na tairi inapanda moja kwa moja hadi kwenye nyayo. Kupima ni rahisi: mtu akalie kiti na kukichezesha juu na chini, wewe uchuchumae pembeni. Vikanyagio vikipanda na kushuka pamoja na kiti, vimefungwa kwenye fremu na ni vizuri. Vikibaki vimetulia na gurudumu huku kiti kinacheza, tafuta pikipiki nyingine kama unafikiria safari ndefu.

Kiti chenyewe kinadanganya. Sponji laini hupendeza dukani kwa dakika mbili, halafu njiani hukandamizwa mpaka abiria anakalia bati au plastiki iliyo chini yake. Kibonyeze kwa goti, na uzito wako wote juu yake. Ukisikia kitu kigumu chini, abiria wako atakisikia kabla hamjafika nusu ya njia. Kinachofaa ni sponji ngumu kiasi, pana, yenye tabaka laini juu, na ngozi isiyoteleza, maana kila ukifunga breki abiria huteleza mbele na kukulalia mgongoni. Mafundi wanaoshona viti mjini wanaweza kuitengeneza upya, na kwa maoni yangu hakuna fedha nyingine ya pikipiki inayorudi haraka hivyo.

Kuhusu springi za nyuma, watu hufanya kinyume kabisa. Wanazilegeza, au wanapunguza upepo wa tairi, wakidhani ulaini ni raha. Springi iliyolegea ikibeba watu wawili hufika mwisho wake, chuma kinagonga chuma, na pigo hilo ni kali kuliko la springi iliyokazwa. Pikipiki nyingi zina pete chini ya springi inayozungushwa kwa ngazi kadhaa. Ukipakia mtu, ikaze pande zote mbili sawasawa. Tairi lenye upepo mdogo nalo hupata joto na kuchakaa ubavuni. Kipimo cha watu wawili kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, mara nyingi na kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Mnyororo nao ukague abiria akiwa ameshapanda, kwa sababu kiti kikishuka mnyororo hukazika.

Sasa injini, ambayo vijana huiuliza kwanza. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko pwani, kwa hiyo injini ya kawaida hupoteza nguvu karibu kiasi hicho. Injini ya 125 ikibeba watu wawili na mzigo inalazimika kuzunguka sana. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni yake moja inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde, na mtetemo huo unafika miguuni na mikononi. Kwa Kipushi, kilomita 30 hivi, hakuna shida. Kwa Likasi ningechagua 150 au 200. Kwa Kolwezi, kilomita zipatazo 300, ningetafuta 250 au zaidi, yenye pistoni mbili ikipatikana. Pikipiki ndefu za kupanda milima, kama Yamaha DT 125 ambazo misheni na mashirika yalizitumia miaka mingi nchini kwetu, hupita vizuri kwenye matope, lakini kiti chake kiko zaidi ya sentimita 80 kutoka chini. Mama aliyevaa kikwembe atakipandaje bila kusaidiwa?

Na akikaa upande, miguu yote kushoto au kulia, uzito hauko tena katikati, na hana cha kujikazia kwa mapaja. Kwa mwendo wa mjini huvumilika. Kwa barabara ya malori ya shaba na kobalti siwezi kukubali, kwa sababu lori likipishana nawe kwa kasi upepo wake hukusukuma mara mbili, kwanza likifika, halafu likishapita. Suruali chini ya kikwembe inalimaliza jambo hilo.

Watengenezaji wakubwa walilielewa hili zamani. Honda Gold Wing ilianza mwaka 1975, na zile zilizofuata zilimtengenezea abiria kiti chenye mahali pa kuegemea mgongo na pa kuweka mikono. Umbali kati ya magurudumu yake leo unakaribia mita 1.7, wakati pikipiki nyingi za 125 zina mita 1.3 hivi. Ngazi ndefu huyumba polepole. Hapa kwetu hatuhitaji pikipiki ya kilo karibu 400, lakini tunaweza kukagua vitu vilevile: urefu, kiti, vikanyagio, chuma cha kushika.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na huyo utakayempakia. Muuzaji au rafiki akae mbele, na wewe upande nyuma kwanza, dakika kumi, kwenye mashimo.

Mwaka uliofuata mama mdogo alitaka kurudi Likasi kumwona dada yake. Safari hii niliazima ya 200, vikanyagio kwenye fremu, kiti kimeshonwa upya, springi nimezikaza asubuhi. Tulisimama mara mbili, tukanywa maji, tukanyoosha miguu. Tulipofika alishuka mwenyewe, akachukua mfuko wake wa unga, akaingia uani akimwita dada yake kwa sauti kabla sijazima injini.