Kuwahudumia wazee wa Kilatino Marekani: kazi inayoanzia kwenye chupa ya dawa

Chukua chupa ya dawa ya presha kutoka duka la dawa la San Antonio, Texas. Ubavuni imebandikwa maelekezo ya Kiingereza: "once a day", yaani mara moja kwa siku. Bibi aliyezoea kusoma Kihispania akiliona neno hilo la kwanza atasoma "onse". Kwa lugha yake hiyo ni kumi na moja.

Mfano huu tunautumia sana darasani. Daktari kaupatia ugonjwa, dawa ndiyo yenyewe, bima imelipa, na mgonjwa bado yuko hatarini.

Wanaotuuliza kuhusu taaluma hii ya kuhudumia afya ya wazee wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hudhani ni kazi ya kuhurumia wanyonge. Takwimu zinawashangaza. Mwaka 2019, umri wa kuishi wa Walatino wa Marekani ulikuwa miaka 81.9, na wa Wazungu wasio Walatino 78.8, ingawa Walatino kwa wastani wana kipato kidogo na wengi zaidi hawana bima. Watafiti Kyriakos Markides na Jeannine Coreil walikiandikia kitendawili hicho tangu 1986, na mabishano hayajaisha. Wapo wanaotaja uvutaji mdogo wa sigara, wapo wanaosema wenye afya njema ndio huthubutu kuhama nchi. UVIKO-19 ulilipunguza sana pengo hilo. Na kuishi miaka mingi si sawa na kuishi ukiwa mzima: kisukari kinawaandama zaidi Walatino, na uzeeni hata ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu.

Shahada ya uzamili ya afya ya umma ni mlango mmojawapo wa kuingilia kazi hii, lakini si wa pekee. Mhimili wa kazi hii ni *promotores*, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotoka mitaa ileile wanayoihudumia. Texas iliwatungia sheria mwaka 1999, na mafunzo ya kupata cheti huchukua saa 160. Kwa maoni yangu, mwenye shahada ambaye hajawahi kuongozana nao nyumba kwa nyumba hajaanza kazi.

Ukalimani nao ni kisa kirefu. Mjukuu wa miaka 12 ndiye huambatana na babu kliniki, na mtoto huyo hawezi kutamka neno "saratani" mbele ya babu yake, sembuse kumuuliza habari za haja ndogo. Tangu 2016, kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya Marekani ya 2010 zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Mkalimani anapaswa kutolewa na kituo, bila malipo. Wazee wengi hawaijui haki hiyo.

Kisha kuna heshima. Kihispania kina *tú* ya rika na *usted* ya mkubwa. Ukimwita mzee *tú* siku ya kwanza umefanya kama aliyeingia uani kwa watu bila shikamoo: utajibiwa kila swali, ila hutaambiwa kitu.

Ndiyo maana swali la "unakunywa dawa?" halina faida, jibu ni ndiyo, daima. Mhudumu mzoefu huomba vyote vitolewe mezani: vidonge, majani ya chai, mpungate uliokatwakatwa kwa ajili ya sukari, hata dawa ya jirani. Halafu husema, "Nionyeshe ulivyokunywa jana."