Kilomita Chache, Rekodi ya Sevisi Hakuna: Dhana Potofu za Wanunuzi wa Magari ya Turbo

Tangazo linasomeka hivi: Subaru Impreza WRX STI ya 2008, kilomita 38,000 tu, haina mkwaruzo, bei maelewano. Ukimuuliza dalali rekodi ya sevisi anakushangaa: gari la kilomita 38,000 unalitakia rekodi ya nini? Wengi wanaridhika na jibu hilo. Wanaongeza fedha juu ya bei ya soko kwa sababu ya tarakimu za kwenye dashibodi, na baada ya muda gari liko gereji, injini imeshushwa. Magari haya nayapenda, na inaniuma kuona mtu anateketeza akiba ya miaka kwa kuamini mambo ambayo mwongozo wa gari lenyewe unayakanusha.

"Halijatembea, kwa hiyo halijachakaa"

Dhana hii ndiyo mama ya nyingine zote. Watengenezaji hupanga sevisi kwa vipimo viwili, kilomita na muda, na kitakachotangulia ndicho kinachofuatwa. Nusu hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau.

Tuanze na oili. STI hiyo ikitoka Japan inakuja na injini ya EJ207, lita 2.0 yenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoitenganisha na chuma kinachoishikilia ni utando mwembamba wa oili. Sasa fikiria gari linalowashwa asubuhi, linakwenda dukani, linarudi na kuzimwa. Oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu na petroli iliyopenya ndani yake. Vinabaki humo, oili inageuka tope, viungo vyake vya kinga vinaisha. Magari mengi ya kilomita chache yameishi maisha ya namna hiyo ya safari fupifupi. Isitoshe, injini nyingi za turbo za Subaru za familia hiyo ya EJ zina vichujio vidogo vya wavu ndani ya boliti za mabomba ya oili. Tope likikiziba kile kinachoilisha turbo, turbo inakosa oili na kufa, na vyuma vyake vinaweza kuingia kwenye mfumo wa oili wa injini nzima. Odometa haiwezi kukuonyesha hatari hiyo. Risiti za oili zenye tarehe zinaweza.

Kisha kuna mkanda wa taimingi, ule unaolinganisha mwendo wa valvu na wa pistoni. Muuzaji atakuambia hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, kwa hiyo bado kabisa. Lakini mkanda ni mpira, na mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa bandani. Mkanda wa 2008 ambao haujaguswa una zaidi ya miaka 15. Ukikatika kwenye EJ207, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hesabu si ya mkanda tena bali ya kichwa cha injini. Pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huohuo, ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake hubadilisha mkanda, tenshena, roli na pampu kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo ikiwa imefanyika kuna risiti. Ikiwa hakuna risiti, chukulia kwamba haijafanyika, hata muuzaji akiapa.

Oili ya breki huvuta unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Kiwango cha DOT 4, daraja mojawapo la oili ya breki, kinadai ichemke si chini ya nyuzi 230 ikiwa mpya, na si chini ya 155 ikishanyonya maji. Gari lililoundwa kwa ajili ya mwendo mkali likiteremka Kitonga na oili ya breki ya miaka kumi, oili inaweza kuchemka na pedali ikazama mpaka chini. Tairi pia lisikudanganye kwa kashata zake. Tazama tarakimu nne ubavuni: 2415 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2015.

"Limepita ukaguzi, lina afya"

Ukaguzi wa Japan, shaken, hufanyika mara ya kwanza gari jipya likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Unapima breki, taa, moshi, usalama wa barabarani. Hauulizi oili ya injini ilibadilishwa lini. MOT, ukaguzi wa magari wa Uingereza, nayo haiulizi, na hiyo inawahusu wanaoagiza Volkswagen Golf GTI na Golf R kutoka huko.

Lakini usizitupe karatasi hizo, maana kwa kilomita ni shahidi mzuri sana. Hati ya kusafirisha gari kutoka Japan hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Historia ya MOT unaisoma bure mtandaoni kwa namba ya gari tu: umbali uliosomwa kwenye kila ukaguzi (mara nyingi kwa maili), lilipofeli, na tahadhari alizoandika mkaguzi. Kwa sevisi yenyewe, omba kitabu cha matengenezo, ambacho Wajapani hukiita tenken kirokubo. Kimeandikwa Kijapani, ndiyo, ila tarehe na kilomita ni tarakimu zilezile tunazozijua, na maneno yaliyobaki kamera ya simu inayatafsiri. Kiombe kabla ya kulipa, siyo meli ikishang'oa nanga.

"Odometa haisemi uongo"

Inasema. Odometa ya kidijitali inarudishwa nyuma kwa kifaa kidogo na muda mfupi. Linganisha kilomita na karatasi hizo, kisha tazama usukani, mpira wa pedali ya klachi na ubavu wa kiti cha dereva. Gari la kilomita 38,000 halina usukani uliong'aa kama sufuria.

"Kitabu kimejaa mihuri, mambo yamekwisha"

Huku ndiko wanunuzi makini wanakonaswa, kwa hiyo nakawia hapa kidogo. Muhuri unasema gari lilifika gereji. Hausemi iliwekwa oili gani wala kazi zipi zilirukwa. Chukua Golf R yenye DSG, geaboksi ya otomatiki ya Volkswagen, ya gia 6: oili ya geaboksi na kichujio chake hubadilishwa kila kilomita 60,000, na oili ya Haldex, kile kifaa kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kila baada ya miaka mitatu. Zote mbili ni kazi za pekee, zenye gharama za pekee, na gari linaweza kuwa na mihuri ya kila mwaka bila hata moja kuguswa. Kwenye Subaru, plagi ndizo hurukwa: silinda zimelala ubavuni, mkono unafika kwa taabu, fundi mwenye haraka anaziacha. Kwa hiyo taka risiti zenye majina ya vifaa. Bahasha iliyojaa risiti zenye madoa ya grisi ina thamani kwangu kuliko kitabu safi chenye mihuri kumi ya wino wa rangi moja.

Na kumbuka kwamba matunzo ya Japan yanaishia bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo STI za 2008 zilizoko Nairobi zimeishi huko miaka mingi. Tanzania zinaweza kuingia hata leo, kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Vyovyote vile, ulizia kilichofanyika baada ya meli kufika.

"Bila rekodi, likimbie"

Hapana. Lipo gari zuri ambalo mwenyewe hakutunza karatasi. Kosa ni kulilipia bei ya gari lenye karatasi. Mwambie fundi wako akupe gharama ya mkanda na vyake vyote, plagi, oili zote, maji ya rejeta, vile vichujio vya boliti, na tairi kama ni za zamani. Toa jumla hiyo kwenye bei kabla hujataja ofa. Mimi ningechukua STI ya kilomita 95,000 yenye risiti za tangu mwanzo na kuiacha ya 38,000 isiyo na kitu, kama bei ni moja.

Halafu omba kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto. Namba zinapaswa kukaribiana. Moja ikishuka mbali na wenzake, pistoni, ringi au valvu ina tatizo. Kipimo hicho hakiharibu kitu na hakimalizi siku. Muuzaji akikikataa, rudisha funguo.