Saratani adimu za watoto: nani atanunua kabati la mafaili?

Tukimchangia mtoto mwenye saratani, huwa tunapiga picha: mtoto kitandani, mfano wa hundi, daktari akitabasamu. Sijawahi kuona mtu akipiga picha na kabati la mafaili ya wagonjwa. Leo nalitetea kabati hilo.

Mwaka 1971 daktari Alfred Knudson wa Houston, Marekani, alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watoto 48 waliougua retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Hakutumia darubini wala kemikali, bali umri wa kila mtoto alipogunduliwa na idadi ya uvimbe. Wenye uvimbe macho yote mawili waliugua mapema kuliko wa jicho moja. Akahitimisha kuwa ugonjwa huu huhitaji hitilafu mbili kwenye seli, na baadhi ya watoto huzaliwa tayari na ya kwanza. Jeni (kipande cha urithi ndani ya seli) inayopata hitilafu hizo, RB1, ilipatikana mwaka 1986. Kazi yake ni ya breki: huzuia seli isijigawe ovyo. Miaka mingi baadaye zikaja dawa zinazoisaidia breki hiyo ishike. Ya kwanza, palbociklibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, tena kwa saratani ya matiti ya watu wazima.

Retinoblastoma humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Kampuni ya dawa ikipiga hesabu ya soko hilo, hufunga daftari. Siilaumu sana, ile ni biashara. Duniani hupatikana wagonjwa wapya wa saratani karibu milioni 20 kwa mwaka. Watoto na vijana wa chini ya miaka 20 ni takriban 400,000, nao wamegawanyika katika aina nyingi.

Hapo ndipo fedha za hisani huingia. Alexandra Scott, mtoto wa Marekani aliyeugua neuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, aliweka meza ya kuuza maji ya limau mwaka 2000 akiwa na miaka minne. Alipofariki mwaka 2004 michango ilikuwa imevuka dola milioni moja, na taasisi yenye jina lake hadi leo hutoa ruzuku za utafiti. Ruzuku za namna hiyo humpa mtafiti kijana nafasi ya kujaribu wazo ambalo bado halijapata ushahidi wa kuishawishi kamati kubwa ya ufadhili.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo huanza kabla ya maabara. Mtoto hufika jicho limeshavimba, hupata dozi mbili, nauli inamwishia mama, na faili linaishia kwenye neno "hakurudi". Alipona? Alifariki? Alihamia kwa bibi? Faili la hivyo halimfai Knudson yeyote. Kinachohitajika ni mshahara wa karani wa takwimu, vocha ya kuwapigia wazazi, nauli ya marudio, na friji ya sampuli isiyozimika umeme ukikatika. Basi anayekuchangisha kwa jina la utafiti, muulize: nani anawafuatilia watoto baada ya kuruhusiwa, na analipwa na nani?

Picha nazo zina faida yake. Ukimpiga mtoto picha kwa fleshi ya simu, mboni moja ikang'aa nyeupe kama jicho la paka, au ukiona ameanza kengeza, huenda ni retinoblastoma; usisubiri akue. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, na picha uende nayo.