Kivimbe kwenye kope: sio kila chokea ni chokea

Tuanze na hii, eti kivimbe kisipouma hakina shida. Jamani, chokea ndo inauma, inakuwa nyekundu, inatunga usaha, siku chache inapasuka yenyewe. Kansa ya kope mara nyingi haiumi kabisa, inakua polepole miezi na miezi na mtu anaiona kwenye kioo kila asubuhi anaiacha tu. Angalia kama nywele za kope zimenyonyoka hapo hapo penye kivimbe (hii mi ndo naiogopa zaidi), au kidonda kinakauka halafu kinatoa damu tena.

"Chokea yangu inarudirudi, nishaizoea." Hapana. Kuna kile kivimbe kigumu kama punje ya mtama, tezi ya mafuta imeziba, wataalamu wanaita kalazioni, hiyo sio kansa, unakanda na kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara kadhaa kwa siku na isipoisha daktari anaitoa. Shida ni kwamba kuna kansa ya tezi hizo hizo na inajifanya kalazioni, inapenda zaidi kope ya juu maana huko ndo tezi ziko nyingi, na inashika sana wazee. Bibi katolewa kivimbe kikarudi pale pale? Kinyama kiende maabara, msikubali kupewa tyubu nyingine tu mrudi nyumbani.

"Weusi hatupati kansa ya kope." Ile kansa ya ngozi inayoitwa basali seli, inayokaa sana kope ya chini, kweli inawapata zaidi wazungu. Ila wenzetu wenye ualbino wanapata kansa za ngozi kwa sababu ya jua, na wenye VVU ambao kinga imeshuka wanaweza kuota Kaposi, ile kansa ya madoa ya zambarau, hadi kwenye kope.

"Ukiikata inasambaa." Hii ndo inaponza watu! Mgonjwa anazunguka na dawa za majani mpaka uvimbe umeingia tundu la jicho, akienda kukatwa hali ikiwa mbaya lawama zote kwa kisu. Basali seli ni nadra sana kusambaa mwilini, ikiwahiwa inakatwa na ngozi kidogo ya pembeni unabaki na jicho lako, ukichelewa inakula kwenda ndani na jicho linaweza kutolewa.

Na yale mabaka ya njano kwenye kope karibu na pua sio kansa, ni mafuta. Karibu nusu ya walio nayo wana kolesteroli ya juu, kwahiyo kapime damu kwanza kabla hujalipia kuyatoa.