Sultani, Liwali na Himaya: Maneno ya Utawala wa Mombasa

Wanafunzi wanaozuru Ngome ya Yesu hutuuliza mara kwa mara kama Wamazrui, ukoo uliotoka Oman, walikuwa wafalme wa Mombasa. Jibu limo katika neno liwali, lililotokana na Kiarabu, al-wali, yaani mtu aliyekabidhiwa mji autawale kwa niaba ya mwingine. Sultani hutawala kwa mamlaka yake mwenyewe, ilhali liwali hutumwa. Wamazrui walianza kama maliwali wa Oman, lakini katika karne ya 18, ukoo wa Mabusaidi ulipouchukua utawala wa huko kutoka kwa ukoo wa Wayaarubi, Wamazrui walikataa kumtii mtawala mpya, wakaushika mji kwa miaka mingi kwa jina la liwali na nguvu za sultani, hadi Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Mabusaidi, alipouteka mwaka 1837.

Chini ya wote hao walikuwako matamim, viongozi wa Thenashara Taifa, yaani Miji Tisa na Miji Mitatu ya Waswahili wa Mombasa. Tamim alitoka kwa watu wake, na kwa maoni yangu tunamsahau mno tunapoisimulia historia ya mji huu kana kwamba iliandikwa na wageni peke yao.

Neno linalopotosha wengi zaidi ni himaya, yaani nchi inayolindwa na kusimamiwa na dola nyingine bila kuwa mali yake. Kwa mkataba wa Desemba 1895, Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi kwa malipo ya kila mwaka, ila enzi, yaani haki ya juu kabisa juu ya nchi, ikabaki kwake. Ndiyo maana mwaka 1920, bara lilipofanywa koloni, pwani iliendelea kuwa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani ikapepea juu ya Ngome hadi 1963. Kuziita zote mbili koloni ni kosa, maana mwaka huo ilihitajika hati ya pekee, iliyotiwa saini Oktoba, ili Sultani aiachie Kenya enzi yake, na Kenya nayo ikaahidi kuwahifadhia Waislamu mahakama zao za kadhi. Uliwali ulikoma baada ya uhuru. Ukadhi ungalipo, katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.