Utaratibu wa kila siku na lugha ya mtoto: maana yake na unavyofanya kazi

Katika malezi, utaratibu wa kila siku ni shughuli inayorudiwa karibu kila siku kwa mfuatano ule ule: kuamka, kuoga, kunywa uji, kuvaa, kulala. Hauna uhusiano mkubwa na saa ya ukutani. Mtoto akioga saa moja leo na saa tatu kesho hakuna kilichoharibika. Kinachojenga lugha ni mpangilio wa hatua, maneno yanayoandamana na kila hatua, na nafasi anayoachiwa mtoto atimize sehemu yake.

Nafasi hiyo ndiyo inayorukwa sana. Wazazi huambiwa warudie maneno tu mpaka mtoto ashike. Kurudia kunasaidia, lakini hata redio hurudia tangazo lile lile kutwa nzima, na mtoto hajifunzi kuzungumza kwa redio. Tofauti ni kwamba ndani ya utaratibu mtoto anajua kinachofuata. Hahangaiki tena kuelewa kinachotendeka, kwa hiyo anabaki na kazi moja: kuunganisha sauti anayoisikia na tendo analolijua. Mwanasaikolojia Jerome Bruner, aliyefanya kazi Oxford miaka ya 1970, alieleza hili kwa kufuatilia michezo ya mama na mtoto mchanga, kama ule wa kumficha mwanasesere na kumtokeza. Mwanzoni mama hufanya kila kitu. Miezi ikisonga, mtoto huanza kutarajia, kisha huingilia kwa sauti, mwishowe yeye ndiye anayeficha na kutokeza.

Tuchukue kuogesha, mtoto ana mwaka na miezi mitatu. Hatua ni zile zile: kuvua nguo, kuingia kwenye beseni, maji, sabuni, kusuuza, kujifuta kwa kanga, kupaka mafuta. Kila hatua ipewe sentensi moja fupi isiyobadilikabadilika. “Tunavua shati.” “Ingia majini.” “Lete mkono.” “Na huu mwingine.” Akiogeshwa mara mbili kwa siku, kwa wiki atasikia “lete mkono” mara 14, na kila mara mkono wake utashikwa pale pale. Baada ya siku kadhaa, sema “lete…” kisha unyamaze. Mtazame usoni, subiri kati ya sekunde 5 na 10. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na wengi hawafiki sekunde 2 kabla ya kuuvuta mkono wenyewe. Akinyoosha mkono, amejibu. Akitoa sauti, amejibu zaidi. Lichukulie jibu hilo kama neno kamili, umalizie sentensi: “Mkono! Umeleta mkono.”

Kwa Kiswahili kuna faida ya ziada. Kitenzi chetu kimebeba nani anatenda, lini, na wakati mwingine anatendewa nani, vyote kwa viambishi, yaani vipande vifupi vinavyotangulia mzizi. Watoto huanza kwa kuvidondosha viambishi hivyo. Utafiti wa mwanaisimu Kamil Ud Deen kwa watoto wa Nairobi, uliochapishwa mwaka 2005, ulieleza jinsi wanavyoacha kiambishi cha nafsi au cha wakati katika umri mdogo. Sasa angalia beseni linavyofundisha wakati. Kabla ya kumwaga: “Nitakumwagia maji.” Kopo likiwa limeinama: “Nakumwagia.” Maji yameisha: “Nimekumwagia, basi.” Tendo ni moja, mzizi ni ule ule, kinachobadilika ni -ta-, -na- na -me-, na mtoto anaona kwa macho kilichobadilika. Upatanisho nao, yaani maneno kufuata ngeli ya kitu kinachotajwa, huja hivyo hivyo: “Kopo liko wapi? Hili hapa. Sabuni iko wapi? Hii hapa. Kitambaa kiko wapi? Hiki hapa.” Hakuna haja ya somo la ngeli, ila usivibadilishe vitu hivyo vyote kuwa “hiki” kwa kudhani unamrahisishia.

Umri hubadilisha sehemu ya mtoto, si mfuatano. Kwenye miezi 6 hadi 9 zamu yake ni kutazama, kurusha miguu, kucheka. Karibu na mwaka ataonyesha kwa kidole au kuinua mikono ukishika shati. Baadaye huja neno moja, halafu mawili: “maji moto”, “mafuta bado”. Akisema “aji”, mrudishie neno zima na uongeze moja: “Ndiyo, maji. Maji ya moto.” Usimwambie arudie vizuri; anayesahihishwa kila mara huanza kunyamaza.

Utaratibu ukishazoeleka kabisa, uvuruge kidogo makusudi. Mpe bakuli la uji bila kijiko. Mvishe soksi mkononi. Kaa na chupa ya mafuta iliyofungwa, umtazame. Kwa kuwa anajua ilivyopaswa kuwa, ana sababu ya kusema. Ukivuruga kabla hajazoea, hataona kosa lolote, na ujanja wote umepotea.

Yanayoharibu ni machache, lakini hukaa ndani ya nyumba nyingi. La kwanza ni amri tupu: kaa, nyamaza, fungua mdomo, meza. Amri humtaka atii, hazimpi zamu ya kusema. Jingine ni kumgeuza mtoto mtahiniwa, “hii nini? na hii?”, kwa mambo ambayo mwulizaji anayajua; swali moja baada ya maelezo manne latosha. Televisheni ikiwaka wakati wa kula, wakubwa husema kidogo na hukatiza sentensi. Kwa walio chini ya miaka 2, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi muda wa kukaa mbele ya skrini kabisa.

Walezi wakiwa wengi, kubalianeni sentensi tano au sita tu za kila shughuli, na dada wa kazi azijue. Bibi anayezungumza Kigiriama au Kinyamwezi aendelee na lugha yake kwenye shughuli zake. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na kila lugha hupata nyumba yake: kulala kwa bibi, kuoga kwa mama.

Utaratibu mzuri hautibu tatizo la kusikia. Mtoto wa miezi 18 asiyejaribu kusema hata maneno matatu mbali na “mama” na “baba”, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, apelekwe kituo cha afya, na aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe bila kusubiri. Omba masikio yachunguzwe kwanza, hasa kama yamewahi kutoa usaha. Nyumbani unaweza kupata dokezo: sema “maji tayari” ukiwa nyuma yake, asione beseni wala mdomo wako. Mtoto anayejua utaratibu anaweza kuonekana anasikia vizuri kumbe anafuata macho, na kipimo hiki kidogo hakichukui nafasi ya kile cha hospitali.