Hiyo "chuki ya mababu" ilikuwa wapi siku kumi na mbili?

Juzi tena. Nimemaliza mhadhara, nakusanya karatasi zangu, kijana ananifuata: "Mwalimu, mauaji ya kimbari ya Watutsi kule Rwanda, si Wahutu na Watutsi walichukiana tangu enzi na enzi?" Nimelijibu swali hili hadi ulimi umeota sugu, kwa hiyo leo naandika.

Chuki ilikuwepo, sikatai. Vitambulisho vya Wabelgiji vilivyoandikwa kabila, mapinduzi ya Wahutu ya 1959, vita ya waasi wa RPF ya 1990, hayo mnayajua. Ila chuki haipangi zamu kwenye vizuizi vya barabarani.

Tazameni Taba, mkoani Gitarama. Ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa usiku wa Aprili 6, 1994. Kigali ikawaka papo hapo. Taba? Kwa siku kumi na mbili hivi meya wake, Jean-Paul Akayesu, alijaribu kuwazuia wauaji, na mahakama ya Arusha iliyomtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 1998 ililikubali hilo. Aprili 18 mameya waliitwa kukutana na serikali ya mpito, iliyokuwa imehamia Gitarama. Akayesu akarudi amekuwa mtu mwingine, na mauaji yakashika kasi. Wananchi ni walewale, mapanga ni yaleyale. Kilichobadilika ni ujumbe kutoka juu. Butare nako kulitulia kiasi mpaka mkuu wa mkoa, Mtutsi, alipoondolewa na rais wa mpito akaja kuhutubia Aprili 19.

Na msiniambie redio iliwaroga. RTLM, redio ya Wahutu wenye msimamo mkali, iliwaita Watutsi mende, ikataja majina, ndiyo. Lakini wauaji wengi waliohojiwa baadaye walisimulia hofu ya vita, na kundi lililobisha hodi asubuhi: toka, twende "kazini". Waliita kazi! Asiyetoka alitozwa faini, au alishukiwa.

Ukishakwenda, ukarudi na mabati ya jirani yako, utasemaje? Utasema alistahili. Ndiyo maana naamini uungaji mkono mwingi ulizaliwa baada ya panga, si kabla. Wenzangu wengine wananipinga, na hoja zao si za kupuuza.

Panaponishinda ni hapa: wapo walioficha mtoto wa Kitutsi chini ya kitanda usiku, kulipokucha wakaenda kwenye kizuizi kuua watoto wa wengine. Mtu yuleyule. Nimezijaribu nadharia zote nilizofundishwa, na bado kila nikilifikia somo hilo darasani naliharakisha.